Mamba Muntu na Mali ya Siri: Usomaji wa Mchoro wa Istiara Kutoka Fizi na Baraka

Mwanamke ameketi ukingoni mwa maji. Nywele zake ni ndefu na zimemwagika mabegani. Ngozi yake ni nyeupe au ya maji ya kunde. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana miguu, ana mkia wa samaki wenye magamba. Mkononi amevaa saa, shingoni ana mkufu, kando yake mna kioo na kitana, na mara nyingi nyoka amejiviringa karibu naye au juu ya mwili wake. Nyuma yake maji yametulia. Hakuna mtu mwingine. Huu ndio mchoro ambao, katika miaka ya 1970, ulitundikwa katika vyumba vya wageni vya wafanyakazi, makarani na wafanyabiashara wa miji ya Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, na ambao ulijulikana kwa jina la Mamba Muntu.

Mara nyingi mchoro huu hufasiriwa kwa sentensi moja: kwamba unaonya dhidi ya tamaa ya fedha. Ufafanuzi huo si wa uongo, lakini ni mfupi mno, na unaufanya mchoro useme jambo ambalo methali moja ingetosha kulisema. Makala haya yanashikilia kwamba mchoro wa Mamba Muntu hauzungumzii fedha kwa jumla. Unazungumzia aina moja ya mali, nayo ni ile ambayo haikupita mikononi mwa jamaa. Ili jambo hilo lionekane, usomaji unafanywa hapa kutoka Fizi na Baraka, katika Kivu ya Kusini, badala ya Lubumbashi ambako mchoro ulishamiri. Baraka ni mji wa ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na kiumbe wa namna hii husimuliwa ziwani humo pia, kwa jina la mambamutu. Fizi, iliyoko juu milimani, ni nchi ya Wabembe, watu ambao pamoja na jirani zao Walega walikuwa na elimu yao ya kale ya kusoma vitu vya sanaa kwa mafumbo. Elimu hiyo iliunganisha sanaa na mali, tena waziwazi. Isitoshe, Baraka na Katanga hazikuwa nchi mbili zisizojuana: mashua za ziwani ziliunganisha pwani ya Fizi na Kalemie, na kutoka Kalemie reli ilikwenda Kabalo, ambako kuanzia 1956 iliungana na njia ya kuelekea Kamina na miji ya migodi.

Jina na umbo

Inafaa kuanza na jina, kwa kuwa jina na picha havikubaliani. Picha inaonyesha samaki. Jina linasema mamba. Katika nomino ambatani za Kiswahili za muundo huu, neno la kwanza ndilo linaloshika uzito wa maana, na la pili hulibainisha. Mbwa mwitu ni mbwa, bata maji ni bata. Kwa kanuni hiyohiyo mamba muntu ni mamba kwanza, kisha ndipo awe mtu. Neno muntu lenyewe linaonyesha asili ya Katanga: silabi mu- haikupunguzwa ikawa m-, na nazali ya -ntu imehifadhiwa, kama ilivyo katika Kiluba. Kivu husema mutu. Pwani ya Bahari ya Hindi ingemwita kiumbe huyu nguva, neno ambalo pia ni jina la mnyama wa baharini asiye na madhara. Nguva huvutia, hamtishi mtu.

Basi kwa nini mamba? Katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati mamba anayemnyakua mtu mtoni hachukuliwi daima kuwa mnyama tu. Husemwa kwamba ametumwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mtu aliyegeuka, na swali linaloulizwa msibani ni nani aliyemtuma. Mamba ni mchawi anayefanya kazi majini. Hivyo jina limebeba tishio ambalo brashi ya mchoraji imelificha. Macho yanaona uzuri, mkufu na nywele. Masikio yanasikia mnyama anayekula watu. Mtazamaji anayeujua mchoro kwa jina lake la Kiswahili anapewa vitu viwili vinavyogongana, na istiara inaanzia hapo. Anayeuona katika ukuta wa makumbusho ya Ulaya, chini yake pameandikwa kwamba ni picha ya nguva wa Kiafrika, amenyimwa nusu ya mchoro.

Umbo nalo lina historia ndefu. Mtafiti wa sanaa Henry John Drewal ameonyesha jinsi picha ya rangi ya mwanamke mcheza na nyoka, iliyochapwa Hamburg katika miaka ya 1880, ilivyosafiri hadi Afrika ya Magharibi, na jinsi ilivyochapwa tena Bombay mwaka 1955 kwa ajili ya soko la Ghana. Katika pwani hiyo kiumbe huyu huitwa Mami Wata. Kongo ilipokea sura hiyo na nyingine za aina hiyo, ikiwemo ile ya nguva wa Kizungu mwenye kitana na kioo, ikazipa jina lake na masimulizi yake. Kwa hiyo si sahihi kuuita mchoro huu mabaki ya imani za kale, wala si sahihi kuuita nakala ya Ulaya. Ni kazi ya mjini, ya watu waliojua saa ya mkononi ni nini na inauzwa kiasi gani.

Masimulizi yaliyo nyuma ya picha

Mchoro hauchori hadithi, unaidhania. Masimulizi hutofautiana kutoka mji hadi mji, lakini kiini chake kinafahamika sana. Mwanamume anaokota ukingoni mwa maji kitu cha Mamba Muntu, yaani kitana au nywele chache. Usiku mwenyewe anamjia ndotoni na kukidai. Hapo makubaliano yanafanyika: atarudishiwa kitu chake, naye atatoa utajiri. Lakini kuna masharti. La kwanza ni siri, kwani mtu huyo asimweleze yeyote mali imetoka wapi. Pili, awe mwaminifu kwake peke yake, jambo ambalo humfanya aache kuoa au avunje ndoa aliyo nayo. Katika masimulizi mengine lipo sharti la tatu, na ndilo zito: atoe uhai wa mmoja wa jamaa zake, mtoto, mama, au ndugu.

Sharti hili la tatu husababisha wafasiri wengi waishie kwenye hofu ya uchawi. Lakini masharti yote matatu yakitazamwa pamoja yanasema jambo moja. Siri humtenga mtu na wale ambao angewaeleza. Uaminifu kwa kiumbe wa majini humtenga na wakwe, yaani ukoo ambao angeungana nao kwa mahari. Kafara humtenga na damu yake mwenyewe. Mali inaingia kadiri jamaa wanavyotoka. Kwa maneno mengine, kinachouzwa katika biashara hii ni ujamaa wenyewe, na fedha ndiyo bei yake.

Vitu vilivyomzunguka kiumbe huyu vinasomeka vizuri kwa msingi huo. Kioo humwonyesha mtazamaji wake uso mmoja tu. Kitana ni kitu cha mtu binafsi, kisichoazimwa ovyo. Nyoka ni mlinzi wa siri, na katika simulizi nyingi za Afrika ya Kati na ya Mashariki ndiye anayekaa ndani ya nyumba ya tajiri, katika chumba kisichofunguliwa. Wachuuzi wa Tanzania wana dhana iliyo karibu na hiyo, ile ya chuma ulete, fedha inayokwenda dukani na kurudi kwa mwenyewe ikiwa imezichukua nyingine, ingawa huko hakuna mwanamke wala maji, na anayeumia ni mwenye duka jirani badala ya ndugu.

Saa ya mkononi inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo alama iliyo ya mjini zaidi kuliko zote. Katika miji ya migodi, chini ya kampuni ya Union Minière ambayo ilitaifishwa mwaka 1967, saa ndiyo iliyotawala maisha ya mfanyakazi. Alilipwa kwa muda aliotumika. King'ora kilimwamsha na king'ora kilimrudisha nyumbani. Mamba Muntu amevaa saa, lakini hana kazi ya kwenda. Anaishi majini, mahali ambapo saa haina maana. Ana alama ya mshahara bila jasho lake. Mwaka 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa raia wa Zaire, watu wachache waliamka wakiwa matajiri, na majirani zao hawakuona kazi yoyote iliyoutangulia utajiri huo. Haidaiwi hapa kwamba mchoro uliibuka kwa sababu ya sera hiyo, kwani ulikuwapo kabla. Inadaiwa tu kwamba wanunuzi wa miaka hiyo hawakuhitaji kufafanuliwa maana ya saa katika mkono wa asiyefanya kazi.

Fizi: mali iliyopita mikononi mwa jamaa

Msomaji anaweza kuuliza: utajiri wa aina gani basi ungekuwa mwema? Mchoro haujibu. Jibu lipo Fizi na katika nchi za jirani za Mwenga na Shabunda, katika chama kilichoitwa bwami. Neno hili lina mzizi mmoja na mwami, ambalo katika lugha nyingi za Kivu ni jina la mtawala. Kwa Walega, ambao ndio waliokiendeleza kwa undani zaidi, bwami kilikuwa chama cha ngazi nyingi, na Wabembe nao walikuwa nacho. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alifanya utafiti katika eneo hilo miaka ya 1950, na kitabu chake juu ya utamaduni wa Walega, kilichotoka mwaka 1973, ndicho kinachotegemewa zaidi katika suala hili.

Ili mtu apande ngazi katika bwami alihitaji mali nyingi: mbuzi, chumvi, mafuta, vyakula, na fedha ya makombe iliyotungwa kwenye nyuzi. Hakuna mtu aliyeweza kuikusanya peke yake. Ndugu, wakwe na wajomba walichanga. Waliochangiwa walibaki na deni la kuwachangia wengine. Na mali iliyotolewa iligawanywa kwa wanachama na kwa waliohudhuria. Mtu asiyepatana na jamaa zake hakupanda, hata kama alikuwa na mbuzi mia zizini. Baada ya mali hiyo kutolewa, ndipo mwanachama alipoonyeshwa vinyago vidogo vya mti na vya pembe za ndovu, akafundishwa maana zake, na katika ngazi za juu akakabidhiwa kimoja akitunze.

Hapa sanaa na mali zimekutana mchana kweupe. Kulipa ili kuona sanaa halikuwa jambo la aibu, lilikuwa sharti. Lakini malipo hayakumpa mtu kinyago kama bidhaa. Yalimpa haki ya kufundishwa. Kinyago kisichokuwa na msemo wake kilikuwa mti tu. Mfano mashuhuri ni kile kinyago chenye vichwa vingi kiitwacho Sakimatwematwe. Anayekitazama bila mwalimu ataona ajabu ya maumbile. Aliyefundishwa anajua kwamba vichwa hivyo vinaashiria mwenye busara, mtu anayeona pande zote na ambaye aliweza kumwona tembo aliye ng'ambo ya mto mkubwa.

Jambo lenye manufaa zaidi kwa usomaji wetu ni kwamba vinyago vingi vya bwami havikuonyesha watu wema. Vilionyesha mzinzi, mgomvi, mzee asiyejiheshimu, mtu aliyeharibikiwa. Mwanachama wa ngazi ya juu, aliyetazamiwa kuwa mwema kuliko wote, ndiye aliyeshika mkononi sura ya uovu na kuicheza mbele ya wenzake. Kushika sura ya kitu hakukuwa kukiabudu. Kwa mtu aliyelelewa katika elimu hiyo, au aliyesikia habari zake kwa babu, si ajabu hata kidogo kwamba karani mwadilifu wa Lubumbashi, mwenye mke na watoto, alitundika picha ya Mamba Muntu juu ya kiti chake. Wamisionari na baadhi ya wachungaji wa leo wameiona picha hiyo kuwa sanamu ya shetani ndani ya nyumba ya Mkristo. Wanaisoma kwa kanuni moja tu, kwamba kinachotundikwa kinapendwa. Kanuni ya bwami ni nyingine, nayo ndiyo inayoufaa mchoro huu zaidi.

Si vyema hata hivyo kuifanya bwami kuwa pepo iliyopotea. Chama kilikuwa pia ngazi ya wenye tamaa ya cheo, na maskini asiye na wajomba wenye mbuzi alibaki chini. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilikipiga marufuku mwaka 1948. Tofauti na Mamba Muntu si kwamba huku kulikuwa na usawa na kule hakuna. Tofauti ni kwamba katika bwami kila aliyekuwapo aliweza kusema mbuzi huyu ametoka kwa nani.

Samaki na dhahabu

Tofauti hiyo haijabaki katika vitabu vya anthropolojia. Wilaya ya Fizi inajua aina zote mbili za mali katika maisha ya kila siku. Ufukoni, Baraka huishi kwa ziwa. Wavuvi wa ndagala hutoka usiku na taa zao, na alfajiri mashua hurudi mbele ya macho ya mji mzima. Samaki hawafichiki. Wanawake wanaosubiri mchangani wanaona nani amejaza na nani amerudi mtupu, na ndugu wa mvuvi huyo wanaona pia. Ndagala wasipoanikwa upesi wataoza, kwa hiyo mali ya ziwa hulazimika kugawanywa na kuuzwa haraka, kwa mikono ya wengi.

Kusini, Misisi, kuna dhahabu. Dhahabu ina tabia iliyo kinyume kabisa. Haiozi, haina harufu, na utajiri wa mwaka mzima unaweza kukaa katika kiganja kilichofumbwa. Mchimbaji aliyeipata ana kila sababu ya kunyamaza: kwa ajili ya wezi, kwa ajili ya wenye bunduki, na kwa ajili ya shemeji zake. Tangu 1967 hadi miaka ya 1980 milima ya Fizi ilikuwa ngome ya chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, na dhahabu na pembe za ndovu zilizovuka ziwa kwa siri zilikuwa miongoni mwa mapato yake. Katika vita vilivyofuata, kuanzia 1996, watu wengi wa Fizi walivuka ziwa hilohilo kukimbilia Tanzania, na wengi wao waliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Maji yaliyo nyuma ya mwanamke katika mchoro, kwa mtazamaji wa Baraka, si mapambo ya mandhari. Ndiyo njia ambayo mali ilipita bila kuonekana, na ndiyo njia ambayo jamaa waliondokea.

Kwa sababu hiyo usomaji wa Baraka unaweza kuwa mkali kuliko ule wa Lubumbashi. Mjini Lubumbashi fumbo la mali ya siri lilielekezwa kwa tajiri mpya wa mtaani. Ziwani, fumbo hilo linaweza kumwelekea yeyote aliyeshika kitu kidogo chenye thamani kubwa na akakaa kimya. Wala ukimya wake si lazima uwe na ubaya. Hapa istiara inaelekea kumwonea mtu, na mfasiri hana budi kukiri hivyo: penye silaha, siri si uchoyo kila mara, pengine ndiyo inayomhifadhi ndugu yule anayesemekana ametolewa kafara.

Mchoro wenyewe kama bidhaa

Lipo suala ambalo haliwezi kuepukwa. Mchoro unaozungumzia fedha uliuzwa kwa fedha. Wachoraji wa Katanga waliochora Mamba Muntu hawakuwa na wafadhili wala chuo. Walinyoosha kitambaa cha magunia ya unga juu ya fremu ya miti, wakatumia rangi walizoweza kuzipata, na wakapita nyumba kwa nyumba au kuanika kazi zao kando ya barabara. Mteja alitaka Mamba Muntu kama ule wa jirani, na mchoraji alimpa. Wahakiki waliozoea kudai kwamba kila kazi ya sanaa iwe ya pekee waliuona urudiaji huu kuwa dalili kwamba fedha imeua sanaa.

Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliochunguza michoro hii katika miaka ya 1970, waliwasikiliza wachoraji na wateja wakitumia neno la Kiswahili ambalo linaondoa tatizo hilo: ukumbusho. Mchoro ulikuwa wa ukumbusho. Thamani yake ilikuwa katika kumfanya mtu akumbuke na aseme. Kitu cha ukumbusho hakiharibiki kwa kurudiwa. Kinyume chake, kisiporudiwa hakikumbushi. Mteja alilipia mazungumzo ambayo yangezuka chumbani mwake kila mgeni anapoketi na kuinua macho. Hapo ndipo mchoraji wa mjini na mwalimu wa bwami wanapokaribiana kuliko inavyodhaniwa. Wote wawili wanatoa umbo linalojulikana na kuwaachia watu kazi ya kulisema.

Fabian alijuana pia na mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye naye alipata riziki kwa kuuza michoro ya aina zilizozoeleka. Pamoja na hiyo alichora historia nzima ya nchi yake katika picha 101, na akazieleza moja moja katika mazungumzo yaliyorekodiwa, kwa Kiswahili cha Shaba kilichochanganyika na Kifaransa. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1996, na matini ya Kiswahili yalichapishwa baadaye. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakuonekana tena. Picha zake zimehifadhiwa Amsterdam, katika makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum na ambayo sasa yanaitwa Wereldmuseum. Zimeondoka, lakini zimeondoka pamoja na maneno yake.

Vinyago vya Fizi havikupata bahati hiyo. Sanamu za mti za Wabembe na za jamii zilizoishi katika nchi hiyo kabla yao, pamoja na barakoa za chama cha Alunga zenye nyuso mbili na macho makubwa meupe, ziko leo katika makumbusho na majumba ya watu binafsi huko Ulaya na Marekani. Huuzwa kwa mnada. Katalogi hueleza kimo cha kitu, aina ya mti, na orodha ya waliokimiliki, kuanzia ofisa wa kikoloni au mfanyabiashara wa kwanza hadi mmiliki wa mwisho. Orodha hiyo ya wamiliki ndiyo inayopandisha bei. Msemo uliofundishwa pamoja na kitu hicho mara nyingi haumo, kwa sababu aliyekinunua hakufundishwa, na aliyekiuza, ama kwa shida ama kwa kulazimishwa, hakuulizwa. Katika bwami mtu alilipa akapewa maana, naye akatunza kitu kwa amana. Katika mnada mtu hulipa akapewa kitu, na maana ikabaki Fizi kwa wazee ambao kila mwaka wanapungua.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili jambo hili si la makumbusho peke yake. Sehemu kubwa ya kazi ya kueleza sanaa katika Kongo ya mashariki imefanywa, na inafanywa, kwa Kiswahili: si kile cha kamusi, bali kile kinachosema mutu na feza. Msemo wa Kibembe juu ya kinyago, ukisimuliwa kwa mgeni Baraka, husimuliwa kwa Kiswahili hicho. Maelezo ya mchoraji kwa mteja wake yalitolewa kwa Kiswahili hicho. Tahakiki za sanaa katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki zimeandika mengi juu ya Tingatinga na vinyago vya Wamakonde, sanaa ambazo soko lake kubwa limekuwa watalii. Zimeandika machache mno juu ya michoro ambayo wasemaji wa Kiswahili wenyewe waliinunua kwa mishahara yao ili waitazame wao. Matini yaliyorekodiwa Shaba yapo na yanaweza kusomwa. Ya Fizi bado yamo vinywani.

Inabaki alama moja ambayo haikuelezwa, kwa kuwa haikuchorwa. Katika sura iliyozoeleka ya Mamba Muntu mwanamume aliyeokota kitana hayumo. Mkewe hayumo, wala ndugu aliyetolewa. Kiumbe anatazama mbele, nje ya fremu, akimwelekea aliye mbele yake. Mchoro ukitundikwa ukutani, aliye mbele yake ni mwenye nyumba katika kiti chake. Nafasi ya mwanamume wa hadithi inajazwa na aliyeununua mchoro, na wageni walioketi kando yake, wakinywa chai na kuuliza picha hii aliipata wapi na kwa kiasi gani, wamekaa katika nafasi ya jamaa.